Ringi za Fundi Cheche

Karakana ya Fundi Cheche huhitaji kuulizia. Ukiingia tu mjini unaisikia: grenda la kusagia chuma linalia, nyundo inajibu, na juu ya hayo yote sauti ya mwenyewe ikimgombeza mtu aliyeleta jembe la trekta likiwa limepinda vibaya. Jina la Cheche hakupewa kwa sababu ya kuchomelea peke yake. Hasira zake zilikuwa za karibu, zinawaka, zinaruka, na kabla hujapata pa kukimbilia zimeshazimika. Sasa hivi anakufukuza, punde anakuuliza kama umekunywa chai.

Mji ulikuwa mdogo, wa wakulima na wafugaji, na karibu kila chuma kilichosimama pale kilipitia mikononi mwake. Mageti, mabirika ya kunyweshea ng'ombe, madirisha ya zahanati, vitanda vya bweni, yote yake. Hata nguzo mbili za mpira wa kikapu katika shule ya sekondari alizisimamisha yeye, na alizipenda kuliko kazi zake nyingine zote. Akipita na mgeni alikuwa haoni tabu kumzungusha njia ndefu ili azione.

Sasa, uwanja ule wa mpira wa kikapu ulikuwa na mambo yake. Ulikuwa sakafu pekee ya saruji iliyo pana katika mji mzima, na mkulima akishaona saruji iliyo pana, anaona mahindi yake yameanikwa. Wala usifikiri ni ugomvi, yalikuwa makubaliano ya siku nyingi. Msimu wa mavuno mahindi yanakaa juani mpaka wanafunzi watoke darasani, kisha wenye mahindi wanazoa, wachezaji wanafagia, mchezo unaanza. Mama aliyechelewa kuzoa adhabu yake ilikuwa kukimbilia mpira kila unapotoka nje, na wako akina mama waliochelewa makusudi, maana walipenda kuurudisha mpira kwa mbwembwe huku wakishangiliwa.

Taabu ilikuwa tela. Dereva wa trekta, ambaye watu walimwita Gia kwa sababu hakuwahi kuingiza gia bila trekta kupiga kelele, alikuwa akirudisha tela uwanjani kupakia magunia. Akishapakia mpaka juu, anatoka kwa kupita chini ya ringi, na magunia ya juu yanaichukua ringi mzimamzima. Akaipinda mara ya kwanza, Fundi akainyoosha. Akaipinda tena, Fundi akainyoosha huku akimtukania trekta lake, tela lake na aliyempa leseni.

"Fundi, usinitukane bure," Gia alisema. "Magunia siwezi kuyakunja. Wewe inyanyue hiyo ringi nipite."

Basi Fundi akainyanyua. Ilikuwa likizo, shule imefungwa, hakuna wa kumuuliza. Akaikata nguzo chini, akaongeza kipande cha bomba, akachomelea, akapiga grenda mpaka kiungo kisionekane. Gia akapita na tela lililoshiba magunia, akapiga honi kwa furaha. Wakulima wakampa Fundi mkono. Kama angeachia hapo, mambo yangejulikana mapema, maana ringi moja ingekuwa juu na nyingine chini, na hata kipofu angeuliza. Lakini Fundi Cheche alikuwa na ugonjwa wa mafundi wazuri, hawezi kulala akijua ameacha vitu viwili visivyolingana. Akaenda upande wa pili akainyanyua na ile nyingine, kipande cha urefu uleule, kiungo cha namna ileile. Akazipaka zote rangi mpya. Mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye alikuwa kocha kwa kuwa hakupatikana mwingine, aliporudi kutoka likizo aliisifu rangi.

Fundi mwenyewe hakujua kama ringi ina kimo chake kilichoandikwa mahali. Angejuaje? Kwake ringi ilikuwa kama geti, unaliweka kwa urefu unaowafaa wenye nyumba.

Mwaka uleule binti yake aliingia kwenye timu ya wasichana, iliyoundwa upya baada ya likizo ile. Alikuwa mrefu, wa miguu tu, na wenzake walimwita Ngongoti. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza shule ilikuwaje anakwambia nzuri, na mazungumzo yameisha. Ila jioni, akitoka mazoezini, alipitia karakana kabla ya kwenda nyumbani. Anakaa juu ya pipa lililopinduliwa, jezi imelowa jasho, anaanza. Nani kampasia nani, nani kaanguka, mwalimu kasema nini, yeye kajibu nini kimoyomoyo. Baba anakusanya vifaa vyake taratibu, taratibu mno kwa mtu mwenye haraka kama yeye, kwa sababu akimaliza kukusanya ndiyo wanafunga mlango na maneno yanakwisha. Hakuelewa hata nusu ya sheria za mchezo ule. Lakini ile ndiyo saa yake, na asingeibadilisha na kitu.

Nyumbani kwao timu ile haikushikika. Shule zilikuja kutoka kila upande, wasichana wazuri wenye viatu vizuri, wanarusha mpira unaishia chini ya ringi kama ndege aliyechoka. Wa kwetu wanatumbukiza tu. Mji ukavimba kichwa. Kisha ikaja michezo ya ugenini, na ugenini, Mungu wangu, ilikuwa aibu. Mpira unapita juu ya ringi, unagonga ubao na kuruka kama umechomwa sindano. Wasichana walewale! Mikono ileile! Wanafungwa na shule ambazo juzi tu waliziaibisha.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mkuu wa shule alisema wanalegea kwa sababu ya safari. Akina mama wa mahindi walisema watoto hawashibi. Mwalimu wa jiografia alisema ni woga, akaanza kuwahutubia kuhusu kujiamini mpaka wakawa wanaogopa hotuba kuliko wapinzani. Wengine walinong'ona mambo ya kurogwa. Na maneno yaliyoumiza zaidi yalianza kama utani pale sokoni: "Hao ni majogoo wa nyumbani." Ngongoti aliyasikia. Kwa kuwa yeye ndiye alikuwa nahodha na yeye ndiye alikuwa mfungaji, aliyabeba yote peke yake.

Akaacha kupitia karakana. Kwanza aliruka siku moja moja, baadaye akawa anapita upande wa pili wa barabara, begi begani, macho chini. Fundi alimwona kila mara. Alikuwa anasimama na kofia ya kuchomelea ameipandisha kichwani, kama mtu aliyeachwa na basi, kisha anarudi ndani na kugombana na chuma.

Jioni moja mkewe, ambaye alikuwa akishona sare za shule sebuleni, alizungumza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Mwanao anarudisha jezi."

"Anairudisha wapi?"

"Wanakorudishia watu jezi, baba. Shuleni. Kasema wakitoka kucheza Jumamosi hii, basi. Kasema hana kipaji, alikuwa anajidanganya."

"Nani kamwambia hana kipaji? Nitajie huyo mtu!"

"Kajiambia mwenyewe. Utaenda kumpiga?"

Fundi alikaa. Kiti kililia. Alitaka kupiga kelele lakini hakuona wa kumpigia. Alichokiona ni lile pipa la karakana, halina mtu, leo na kesho na mwaka ujao, mpaka binti aolewe aende zake bila ya wao kuzungumza tena. Roho ilimuuma kweli. Hakuwahi kumfuata binti yake ugenini hata siku moja, Jumamosi ilikuwa siku ya kazi nyingi. Akamwambia mkewe kwamba Jumamosi hii karakana itafungwa.

"Na geti la zahanati?"

"Wagonjwa wataruka ukuta," alisema Fundi.

Walisafiri kwa lori la kubebea mazao, wachezaji mbele, mashabiki nyuma, Gia naye akiwa amejipachika kati ya akina mama wa mahindi na kuwafundisha nyimbo. Ngongoti alimwona baba yake akipanda. Alishtuka, akasema, "Shikamoo, Baba," akageukia pembeni. Njia nzima Fundi alitazama kisogo chake.

Shule waliyokwenda ilikuwa ya mji mkubwa kidogo, yenye uwanja uliopigwa mistari ya rangi na viti vya ngazi pembeni. Mchezo ukaanza, na mambo yakawa yaleyale. Ngongoti anapata nafasi, anaruka, anarusha, mpira unakwenda kugonga juu ya ubao, puu! Anarusha tena, unapita moja kwa moja ng'ambo. Wenyeji wakaanza kucheka. Mwalimu wa jiografia akawa anafuta miwani isiyokuwa na vumbi. Fundi alitazama uso wa mwanawe na kuona umefungwa kabisa, kama wa mtu anayesubiri tu jambo liishe.

Kwa kuwa hakuweza kuendelea kuutazama ule uso, akatazama ringi. Na akishatazama chuma, mtu huyu haoni kingine. Akaikazia macho. Akaipima na dirisha la nyuma yake, akaipima na refa aliyesimama chini yake, akasimama wima.

"Imeshushwa!"

"Nini?" aliuliza mama mmoja.

"Ringi! Hawa watu wameshusha ringi! Ndiyo maana watoto wetu wanapitiliza! Wezi hawa!"

Na kabla hajashikwa shati alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, mikono juu, akiita watu mashahidi. Refa, mwanamke mfupi asiye na mchezo, alipuliza filimbi mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

"Mzee, toka uwanjani."

"Sitoki! Mimi nimefanya kazi ya chuma wewe hujazaliwa. Hii ringi si halali. Leteni kipimo!"

"Mzee, nakuomba kwa heshima."

"Kwa heshima hiyohiyo, leteni kipimo!"

Ngongoti alikuwa amejifunika uso kwa jezi. Yaani ingekuwa inawezekana ardhi ipasuke, angeingia yeye wa kwanza. Mwalimu wa jiografia alikuwa anavutwa huku na huku kati ya kumtoa Fundi na kumsikiliza. Mwisho refa, ili mambo yaishe, aliagiza tepu na ngazi kutoka stoo. Mlinzi wa shule akapanda, refa akashika chini, akasoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Mita tatu na sentimita tano. Kama sheria inavyosema, si zaidi, si pungufu. Duniani kote ni hivyo, mzee. Kwani ya kwenu ina ngapi?"

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa ameshaandaa jibu kali, la kuwakomesha. Lakini pale kwenye ngazi za mashabiki Gia alikuwa amesimama, mikono kichwani, macho yamemtoka.

"Fundi," Gia aliita kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Tela."

Ubaridi ulimwingia Fundi Cheche kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Aliliona bomba. Alikiona kile kiungo alichokipiga grenda kisionekane, na rangi mpya, na mikono aliyopewa. Aliona wageni wote waliokuja kurusha mipira ikafia njiani, na watoto wao walivyoondoka wakilia. Akamwona Ngongoti akikatisha upande wa pili wa barabara, macho chini. Refa akapuliza filimbi ya mapumziko, na Fundi akatoka uwanjani bila kusukumwa.

Angeweza kunyamaza. Gia asingemsaliti, maana tela lilikuwa lake. Angerudi nyumbani, akate bomba kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Alilifikiria hilo, tusimpambe. Alilifikiria kwa muda wa kutoka uwanjani hadi kwenye kivuli cha ukuta ambako wasichana walikuwa wamekaa chini na chupa zao za maji. Kisha akamwona mwanawe anafungua kamba za viatu katikati ya mchezo, anazifungua kabisa, kama mtu ambaye hatavivaa tena.

"Mwalimu, naomba niseme neno," alisema.

"Fundi, tafadhali, umeshasema ya kutosha."

"Ni mimi." "Ringi za nyumbani nilizinyanyua. Zote mbili. Ili tela lipite. Sikujua kwamba zina kimo chake, na sikuuliza. Mmekuwa mnarusha kwenye ringi ya juu tangu mmeanza, ndiyo maana huku mnapitiliza. Hamna woga, hamjarogwa, hakuna aliyewaroga isipokuwa mimi. Nisameheni, wanangu."

Mwalimu wa jiografia alivua miwani akaivaa tena. Mchezaji mdogo kuliko wote, kale kasichana walikokaita Punje, kalimtazama Fundi, kakamtazama mwalimu, kakauliza, "Kwa hiyo zile hotuba zote za kujiamini..." Hakakumaliza. Kicheko kilikapasua. Akafuata mwingine, akafuata mwingine, wakawa wanaangukiana, wanashika mbavu, mmoja akapaliwa na maji wakampiga mgongoni huku wakicheka. Kicheko gani hicho! Kilikuwa cha watu waliokuwa wamebeba mzigo wa mawe halafu wakaambiwa kwamba mawe hayakuwa yao.

Ngongoti peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia magoti, taulo usoni, mabega yanatikisika. Fundi alichuchumaa mbele yake, magoti yakilia. Hakuthubutu kumgusa.

"Mwanangu," alisema. "Mama."

Sauti ikatoka ndani ya taulo. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Baba, niambie kweli. Si mimi?"

"Si wewe, mama. Haikuwa wewe hata siku moja. Ni mimi na tela."

Taulo likashuka. Uso ulikuwa umelowa wote, machozi na kamasi, na katikati yake tabasamu moja kubwa la ajabu, halijui pa kukaa. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine, kama mtu aliyetoka kuzama. Kisha akaanza kufunga kamba za viatu.

"Sikilizeni," aliwaambia wenzake, na sauti yake ilikuwa ya nahodha. "Msiangalie ringi, angalieni ukingo wa mbele. Rusheni kama mnamrushia mtoto mdogo. Polepole. Punje, wewe polepole zaidi, una mkono wa mwanajeshi."

Sitakudanganya kwamba walishinda. Walikuwa wameachwa mbali, na mkono uliozoea ringi ya juu hauzoei ya chini kwa kuambiwa tu. Mipira kadhaa ya kwanza ilipitiliza bado, na kila ilipopitiliza wasichana walitazamana wakacheka, na wenyeji wakaanza kuingiwa na wasiwasi, maana hakuna kinachotisha kama mtu anayefungwa huku akicheka. Halafu Ngongoti akarusha moja kutoka pembeni, laini, ikaingia bila kugusa chuma. Ngazi za mashabiki zililipuka. Akina mama wa mahindi walirusha vitenge juu. Ikaingia nyingine, na nyingine, na Punje akaingiza ya kwake kwa bahati, akabaki anatazama mikono yake. Mwishowe walifungwa kwa kikapu kimoja tu, na kama filimbi ingechelewa kidogo, nisingejua la kukwambia.

Walitoka uwanjani wakiimba. Refa alimfuata mwalimu wa jiografia, akamwambia katika kazi yake yote hajaona watu waliofungwa wakishangilia namna ile. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kocha wa wenyeji naye alikuja, akataka kujua kama ile michezo waliyofungwa kule kwenye mahindi itarudiwa. Gia alimjibu kwamba suala hilo aulizwe tela.

Fundi hakuimba. Alipanda lori, akajibanza kwenye kona ya nyuma kabisa. Watu walimtania njia nzima, kwamba watamchukua akapandishe bei ya mahindi kwa kuwa anajua kupandisha, na yeye aliitikia kila utani kwa kichwa. Alistahili, alijua. Alitaka jambo moja tu na hakuwa na uso wa kuliomba.

Lori lilipotoka kwenye lami na kuingia barabara ya vumbi, msichana mmoja mrefu alinyanyuka mbele kati ya wenzake. Akaruka mifuko, akakanyaga mguu wa Gia, akaomba radhi, akaja akajibanza pale konani, bega kwa bega na baba yake.

"Baba, ulimwona yule namba saba wao?" alisema. "Yule mwenye soksi ndefu. Tangu mwanzo alikuwa ananikanyaga makusudi, refa haoni, nikasema ngoja, nitakupata. Halafu lile goli la pembeni, unajua sikupanga..."

Akaendelea. Aliongea vumbi likiingia mdomoni, aliongea mashamba yakipita pande zote mbili, alirudi nyuma akasimulia michezo ya zamani ambayo hakuwahi kuisimulia, ya siku zile zote za kukatisha barabara. Fundi Cheche, mtu wa kelele, hakutia neno. Alisema "Eeh," na tena "Eeh," na vumbi lilipomwasha koo alikizuia kikohozi, asije akamkatiza.